Jina Langu Ukutani, Mara Mbili

Kibanda cha mama yangu hapa mtaa wa Tassia, cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, kimeandikwa "Mama" halafu jina langu, maana mimi ndiye kifungua mimba. Sitalitaja, limeleta fujo ya kutosha. Mwalimu wa somo la biashara hutuambia alama ya biashara lazima isajiliwe. Mimi nilisajiliwa siku niliyozaliwa, nikilia.

Mwaka huu jirani mpya akafungua kibanda kama chetu karibu na kona. Rangi ileile ya kijani, jina lilelile. Asubuhi moja mzee anayefanya kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area akamvamia mama.

"Wewe mama, jana umenifukuza eti umechoka!"

"Mimi? Jana nilikuwa hapa mpaka giza likaingia!"

"Si kule kwenye kona kumeandikwa Mama Nanii? Mama Nanii si ni wewe?"

Akaenda zake, na wateja wengine wakamfuata. Mama, ambaye heshima yake yote ni kutomfukuza mtu, akanishika mkono hadi kwa msimamizi wa ploti yenye vibanda vyote viwili. Nilikuwa ushahidi.

Jirani naye alileta ushahidi wake, umefungwa mgongoni, unanyonya kidole.

"Huyu ndiye wangu wa kwanza, na jina lake ni hilohilo," akasema. "Sasa mnataka niitwe Mama nani? Mama Kibanda?"

"Wangu alitangulia! Mwangalie, ana ndevu!"

Zilikuwa nne. Nikainua kidevu zionekane.

Msimamizi alicheka mpaka akakohoa. "Hapa hakuna mwizi. Kila mtu abaki na jina lake, lakini achoreshe mtoto wake ukutani. Mteja ataangalia sura."

Mchoraji wa mtaa akamchora mtoto wa jirani na kidole mdomoni, kisha akanichora mimi. Pua aliipata. Masikio, buda, ni sufuria mbili! Nikalalamika.

"Kwani amekosea wapi?" mama akauliza.

Yule mzee alipopita tena, alitazama ukuta, akanitazama mimi, akacheka akishikilia mlango. "Hapa ndipo penyewe," akasema, akatoa simu. "Kumbe yule wa kidole ni mwingine."

Siku hizi watu wanaelekezana, "Tupatane kwa Masikio." Hata jirani hutuletea waliopotea, nasi tunampelekea wake. Foleni imerudi na mama anaimba kibandani. Shida ni yangu tu: nikipita hapo saa za masomo, foleni nzima inageuka, na hakuna anayehitaji kuuliza ni mtoto wa nani ametoroka shule.