Kiungio Kinachong'aa

Kiwandani walimwita Kioo, na jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Miaka yote ambayo kiwanda kile kilitengeneza ndoo na mabeseni, yeye ndiye aliyeng'arisha kalibu, yale mapande ya chuma ambamo plastiki ya moto husukumwa ikatoka na umbo. Chuma kikiwa na mkwaruzo, ndoo nayo hutoka na mkwaruzo. Chuma kikisuguliwa kikasuguka, beseni hutoka linameremeta hadi mteja anajiona meno. Mfuko wa nyuma aliweka kitambaa laini, mfuko wa mbele kikopo cha dawa ya kusugulia, na hakuweza kupita karibu na chuma kilichofifia bila mkono kumwasha. Hata nyumbani masufuria hayakupata amani.

"Wewe baba," mkewe alizoea kumwambia, "ipo siku utanikuta nimelala unisugue na mimi."

Mkewe huyo figo zilikuwa zimemgomea. Kila baada ya siku mbili alikwenda hospitali, akalala karibu na mashine, damu yake ikatoka kwa mrija uliojitokeza chini ya bega, ikasafishwa, ikarudi. Matibabu yote yalikwenda kwa kadi ya kiwandani. Kazi ikipotea, kadi inapotea, na baada ya kadi anayefuata ni mama watoto. Hesabu hiyo Kioo alilala nayo na kuamka nayo.

Kisha ndoo zikakosa wanunuzi, kiwanda kikageukia vifaa vya hospitali. Ikaletwa kalibu mpya yenye matundu manane, na kila tundu lilitoa kiungio kimoja, kile kijiplastiki kinachofungwa kwenye ncha ya mrija wa mgonjwa ili uunganishwe na mashine. Kioo alipoitazama alisikitika. Chuma kilikuwa kimefifia kama jivu.

"Hii hapana kuigusa," alisema mhandisi, binti mmoja mpole aliyependa kueleza mambo mpaka yaeleweke. "Humu kuna vijinguzo vidogo, vidogo mno, jicho halivioni. Plastiki inavichukua vilevile vilivyo. Kijidudu kikitua juu yake hakipati pa kushika, kinateleza. Tazama." Akadondosha tone la maji juu ya kiungio. Tone likajikunja likawa kama ushanga, likabingirika mpaka chini, na plastiki ikabaki kavu.

"Na ikichafuka, binti yangu?"

"Inaoshwa kwa maji maalumu na kupulizwa hewa. Kitambaa marufuku, mzee wangu. Ukivisugua vile vijinguzo umevifuta, na vijidudu vimepata pa kukaa."

Kioo aliitikia kwa kichwa. Ila moyoni alijisikia kama mpishi aliyeambiwa wageni watakula chakula kikiwa kibichi.

Alivumilia. Alipewa kazi ya kupaka grisi na kubeba makasha, akavumilia. Mpaka asubuhi ile wakubwa walipokuwa wanakuja kukagua, mashine ikiwa imefunguliwa, naye akapita na kopo lake la grisi. Katika tundu la saba kulikuwa na doa, alama ya kidole cha mtu mzembe. Mhandisi alikuwa nje anapokea wageni. Jamani, mkono uliozoea hauombi ruhusa! Alipokuja kushtuka, kitambaa kilikuwa kimeshazunguka mara kadhaa, doa limekwisha, na jicho lake mwenyewe linamtazama kutoka ndani ya chuma. Nisiseme uongo, kwa muda mfupi alifurahi.

Mashine ikafungwa, ikaanza kutema. Viungio saba vilivyofifia na kimoja kinachong'aa, saba na kimoja, saba na kimoja. Wakaguzi waliokota vichache juujuu, wakadondosha maji, maji yakabingirika, wakapeana mikono na kuondoka. Kioo akaokota kile kinachong'aa, akaenda nacho chooni, akakiwekea tone la maji ya bomba. Tone likatandaa likakaa. Akakipindua, likaning'inia pale pale.

Kusema ni dakika moja tu, mhandisi yuko mlangoni. Lakini angeanzia wapi? Aliambiwa marufuku, akaitikia kwa kichwa. Kufukuzwa kungekuwa siku hiyohiyo, na kesho yake mkewe alikuwa na zamu ya mashine. Basi akaamua litakuwa lake peke yake. Akaomba kuhamishiwa kwenye meza ya kufungia, na kila kiungio kilichong'aa alikichomoa akakitia mfukoni. Jioni alirudi nyumbani mifuko imetuna, akavitumbukiza katika shimo la taka nyuma ya nyumba. Usingizi ulimhama. Akisikia mtu anakohoa basini alijiuliza kama huyo ana mrija.

Na kiwanda kile kilikuwa na zamu mbili, na ya pili yeye hakuwapo mezani. Alilijua hilo. Alikuwa akijiambia kwamba zamu ya pili hawafanyi kazi nyingi, kwamba labda mtu ataona, kwamba wiki ijayo atasema. Woga una maneno mengi, na yeye aliyasikiliza yote.

Mkewe alimwona amekonda. "Una nini?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi hiyo ndiyo inayonipa uhai. Usiinunie."

Siku aliyokwenda kumchukua hospitali alimkuta bado amelala, shuka imefika kidevuni. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Baridi ya humu ndani tu," alisema. "Tangu juzi nimeshikwa na kibaridi. Hebu njoo uone kitu." Akateremsha shuka, uso umejaa furaha ya mtoto. "Juzi walinibadilishia kile cha zamani. Nesi alikuja na sinia, vyote vimefifia kama vimepakwa vumbi, isipokuwa kimoja. Nikamwambia, dada, nipe hicho kinachong'aa. Huo ni mkono wa mume wangu, naujua popote."

Chini ya bega lake kiungio kilikuwa kinameremeta. Kioo aliinama, akaona ndani yake kijiuso kidogo kimejikunja, akakitambua ni chake. Ngozi iliyozunguka mrija ilikuwa nyekundu, na alipoigusa ilikuwa ya moto.

Woga wote wa kazi na kadi ukamtoka, akabaki na woga mmoja tu. Alipiga ukelele ambao wodi nzima iliusikia, nesi akaja mbio.

"Kitoe!" alisema Kioo. "Kitoe sasa hivi, mwite daktari. Nimekiharibu mimi. Hiki na vyote vinavyong'aa, vitoe."

Mkewe alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Nesi alikuwa ameshashika mrija, mkono wake ukasimama.

"Vyote?" aliuliza polepole. "Mzee, hivyo vinavyong'aa ndivyo wagonjwa wanavyogombania humu."

Akageuka kutazama safu ya vitanda. Kitanda cha pili mtu alikuwa anavuta blanketi, na cha nne, na yule wa dirishani alikuwa anaomba waifunge feni.