Teke la Siku ya Idi

Kila Idi ya Mfungo Mosi, wanaume wa mtaa wetu wa Kuze hucheza mpira: wenye wake upande mmoja, makapera upande wa pili. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, tumbo limejaa biriani na kichwa kimejaa ujana nisiokuwa nao tena. Rafiki yangu, niliyesoma naye chuo cha Kurani tangu utotoni, alikuwa nyuma yangu akinipigia kelele nimwachie mpira. Sikumwachia. Nilikanyaga chini kwa nguvu nikimbie, nikasikia pa! kisiginoni, teke la haja, nikaanguka kifudifudi.

Hata vumbi halijatulia nilishageuka kumtukana. Alinipiga kwa sababu ya mpira tu! Akaapa wallahi hakunigusa. Nikamwambia mbele ya watu asinisemeshe tena maishani.

Hospitalini daktari alinilaza kwa tumbo, akaniminya shavu la mguu mzima, na unyayo ukacheza. Akaminya la mguu wa pili. Unyayo ukaning'inia tu. Kano ya kisigino imekatika, akasema. Nikamweleza habari ya teke, akacheka.

"Wote husema wamepigwa. Hugeuka kumtafuta mtu, na nyuma hapana mtu. Kano ikikatika yenyewe, ndivyo unavyosikia."

Nilimwelewa vizuri sana. Nikarudi nyumbani na plasta hadi gotini, na sikumwambia yeyote. Ningeanzia wapi? Nusu ya mtaa ilinisikia nikimwita hayawani.

Mimi si mtu wa kukaa. Nimezoea kupanda na kushuka, kahawa hapa, maneno pale. Sasa nikawa ghorofa ya pili, mguu juu ya mto, nikijikuna ndani ya plasta kwa kijiti cha mshikaki. Nilimgombeza mke wangu kwa chai ya moto na kwa chai ya baridi. Nilihama kitandani nikaenda kitini, nikatoka kitini nikaenda dirishani. Kila alasiri nilimwona rafiki yangu akipita chini kwenda msikitini. Huangalia juu, nami hurudi ndani haraka, kama mwizi. Niliona haya, na bado mdomo haukufunguka.

Wiki ya saba akapanda ngazi zetu. Alikuwa anakwenda Makka kuhiji, na anayekwenda hutaka radhi kwa kila mtu kabla ya safari. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Yakhe, safari ni kesho baada ya adhuhuri. Kama nalikukosea siku ile, nisamehe."

Hapo ndipo pa kusema. Badala yake nikasikia sauti yangu ikitamka, kwa heshima zote, "Nimekusamehe." Akanibusu mkono akaenda zake.

Sikupata raha tena. Mtu anakwenda kwenye nyumba ya Mungu amebeba dhambi niliyomtungia mimi, nami nimempa msamaha kama bwana mkubwa! Nilijichukia.

Siku ya pili, adhuhuri iliposwaliwa, nilitupa magongo chini ya ngazi nikayafuata kwa makalio, kidato kwa kidato, mke wangu akipiga kelele juu kwamba nitaivunja shingo nayo. Plasta ilikuwa imetolewa siku chache tu nyuma. Kisigino kilikuwa kigumu na shavu la mguu limenywea. Nilichechemea mpaka kwao. Tuktuk ilikuwa mlangoni, mabegi yameshapakiwa, naye ameshaketi ndani.

"Hukunipiga," nikamwambia, nikihema. "Daktari aliniambia siku ile ile. Ilikatika yenyewe."

"Najua," akasema. "Guu langu mwenyewe, nisijue lilipokuwa?"

"Basi jana ukaja kutaka radhi ya nini?"

Akasogea ndani ya tuktuk kuniachia nafasi, akanitazama mguu, kisha magongo.

"Nalidhani wewe huji. Nikaja mimi."