Tulivyolipima Sanduku la Baridi

Mume wangu alikuwa afisa wa vipimo wilayani Kajiado. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maduka na masoko, hasa soko la mifugo, akikagua kama mizani za watu zinasema kweli. Alikuwa na kasha la mawe ya uzani ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa pale nyumbani. Tabia ya kazini haikubaki kazini. Nikinunua sukari, lazima ipite mikononi mwake kabla ya kuingia kabatini. Hata chapati zangu alikuwa akiziinua kidogo kabla ya kula, nami nikimwambia ale au aache, hapa si sokoni.

Tulikuwa tumehamia Kitengela kutoka magharibi, miaka ile ya tisini ambapo kati ya nyumba na nyumba bado ungeona swala wakikatiza. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Tulikuwa na binti mmoja, naye tangu darasa la sita alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku alijidunga insulini, na kichupa chake kilikaa mlangoni mwa friji, mahali ambapo wengine huweka mayai. Friji ile niliilinda kuliko mlango wa mbele. Stima ikipotea, roho yangu ilipotea nayo.

Kila Desemba vijana wa kanisa letu walikwenda kambi, huko mbele ya Kajiado kwenye vilima, wakilala katika mahema na kupika kwa kuni. Kila Desemba binti yangu alibaki nyumbani, akisikiliza hadithi za wenzake wakirudi. Alipofika kidato cha kwanza alikuja jikoni akaniambia kwa upole kwamba mwaka huu angependa kwenda. Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini, nikamwambia kule hakuna friji. Hakulia. Alirudi chumbani akafunga mlango taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyoniuma.

Baba yake alinifuata. Akaniuliza, je, kikipatikana chombo cha kushika baridi siku zote za kambi? Nikajua anacheza na ndoto, kwa hiyo nikajibu bila kufikiri sana kwamba kikipatikana, mtoto ataenda. Alivaa kofia yake akatoka kwenda kutafuta.

Wakati huo kampuni moja iliyokuwa ikiwapeleka watalii porini ilikuwa inafunga kazi na kuuza vyombo vyake. Mume wangu alirudi na sanduku la baridi kubwa mno, lile gumu la plastiki, lenye makomeo mawili mbele na kizibo cha kutolea maji chini. Mtu mzima angejikunja akalala ndani. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepaukia juani, na ukilifungua lilinuka samaki na bia. Nililisugua kwa magadi na ndimu mpaka mikono ikachubuka, nikiomba kimoyomoyo lisifae kitu. Nasema wazi: sikutaka sanduku lile lifaulu. Nilitaka mtoto wangu abaki karibu na friji yangu.

Habari za sanduku zilienea haraka. Akina mama wa kanisa walikuja kuliona, wakiongozwa na yule mama aliyekuwa mkuu wa jikoni kwenye harusi na matanga yetu yote, mama mnene mwenye moyo mweupe aliyetoka upande wa Nyeri. Aliinua mfuniko, akapima kina kwa mkono mpaka kwapani.

"Hii itabeba chapati ya harusi mzima," akasema.

Wenzake wakakubali. Kwetu sanduku la baridi kazi yake ya kwanza inajulikana. Unatandika taulo, unapanga chapati zikiwa motomoto, unafunika, na mahubiri yakichukua muda yapendavyo, chapati zitakuja kuunguza vidole vya wageni. Baridi ni mambo ya watalii. Mume wangu alichukia maneno hayo kama mtu aliyetukaniwa mtoto. Akawaeleza kwamba hiki ni chombo cha baridi, na kitapimwa kwa baridi. Mama mkuu wa jikoni akamwambia sawa baba, lakini chapati zikikosa pa kulala tutakuja kukuomba.

Kisha upimaji ukaanza. Kwanza aliliingiza stoo, akafunga mapazia, akawasha tochi akaitia ndani na kufunga mfuniko. Alizunguka gizani akitafuta mahali ambapo mwanga unapenya. Aliupata pembeni, kona ya nyuma, ambapo mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakigundisha pale. Baadaye alibana karatasi za gazeti kati ya mfuniko na sanduku, akazivuta moja moja kuzunguka pande zote. Karatasi ikitoka kirahisi, alirudi kwenye gundi.

Halafu ikaja barafu. Tuligandisha maji ndani ya vibuyu vya plastiki vya mafuta ya kupikia, kwenye friza la mwenye bucha jirani yetu, tukaliweka sanduku uani, penye jua na ule upepo wa Kitengela unaoleta vumbi hadi kwenye chai. Ndani alining'iniza kipimajoto chake cha kioo kwa uzi. Macho yake, hata kwa miwani, hayakuona vizuri vitu vya karibu, hivyo msomaji alikuwa binti yetu. Mimi nikiwa nasahihisha madaftari ndani, nilisikia mmoja akiuliza, "Ngapi?" na mwingine akijibu. Walifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kama watu wanaosali.

Jaribio la kwanza lilianguka, kwa sababu kila mgeni aliyepita alitaka kufunguliwa aone. La pili pia, kwa sababu sanduku lilikuwa nusu tupu na barafu ikaisha upesi. Wakagundua ni lazima lijazwe, hata kama ni kwa magazeti na mataulo. La tatu ndilo lililonipa matumaini yangu mabaya. Walichukua kichupa cha insulini kilichokwisha, wakakijaza maji, wakakilaza juu ya barafu. Kesho yake maji yalikuwa yameganda. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa ikiganda imekufa. Nikaweka kalamu chini, nikasema basi, sanduku limeshindwa, tuliuze.

Binti yangu alikishika kile kichupa akakiangalia kwa muda. Akamwambia baba yake tatizo si sanduku, ni mahali pa kukilaza. Wakakifunga kichupa kwa taulo, wakakiingiza katika mkebe wa chakula cha shule, wakauinua mkebe juu ya waya mbali na barafu. Maji hayakuganda tena, wala hayakupata joto. Walirudia, matokeo yakawa yale yale. Mume wangu alikuja mlangoni akaniambia, bila kujigamba, "Mama Watoto, limefaulu." Na mimi nilikuwa nimeshatoa neno langu.

Siku ya kuondoka vijana walilibeba wakiguna, likapandishwa kwenye lori la kanisa. Mume wangu alimpa kiongozi wa vijana maagizo marefu: lisiachwe juani, lisifunguliwe ovyo, soda zisiingie humo. Kijana wa watu aliitikia kila neno. Binti yangu alinikumbatia haraka haraka akapanda. Jioni ile nyumba ilikuwa kubwa. Mume wangu alipotea stoo, akarudi akiniuliza kama nimeona kipimajoto chake. Nikamwambia sijakiona. Akauliza tena kesho yake, kwa sauti ya mtu anayejua mizani imechezewa. Nikamwambia akitafute kwenye kasha lake takatifu ambalo haturuhusiwi kuligusa.

Jumamosi yeye alikuwa na ukaguzi soko la mifugo. Mimi nikaomba nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka mapipa ya maji kambini. Nilibeba barafu mpya iliyofungwa magunia, na kichwani nilibeba uamuzi: nikiona jambo dogo tu lisilo sawa, narudi na mtoto wangu.

Kambi ilikuwa chini ya migunga, kando ya mto mkavu wa mchanga. Hewa ilikuwa ya moto hata kivulini. Vijana wengi walikuwa wamepanda kilimani na kiongozi wao. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, kwenye moshi, nikaliona sanduku letu limekaa vizuri kivulini. Nikashusha pumzi. Mama mkuu wa jikoni, ambaye mwaka ule alikuja kuwapikia vijana, alinisalimia kwa furaha, akafungua makomeo, akainua mfuniko ili anionyeshe.

Mvuke ukanipiga usoni. Sanduku lilikuwa limejaa chapati.

"Karibu chapati, Mwalimu," akasema. "Tangu asubuhi na bado ni moto. Hii boksi yenu ni kali kuliko jiko."

Nikakaa juu ya gunia la viazi. Nikamuuliza barafu iko wapi. Akanieleza bila wasiwasi kwamba waliitia kwenye juisi ya watoto siku ya pili, wakafurahi sana. Nikamuuliza dawa iko wapi. Akaniuliza dawa gani. Hapo nikaelewa kwamba maagizo yote yalikuwa yamebaki kwa kiongozi wa vijana, na jikoni hakuna aliyeambiwa habari za dawa. Yule mama aliona sanduku kubwa safi, akafanya kile ambacho mama yeyote wa kanisa letu angefanya, hata mimi. Alipoelewa, alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Sikuwa na nguvu za kumlaumu.

Nilimkuta binti yangu mtoni, amekaa kwenye kivuli cha ukingo pamoja na mama mmoja Mmaasai aliyewaletea maziwa. Yule mama alinisalimia, "Sopai," nikamjibu "Epa" kwa sauti isiyokuwa yangu. Mtoto wangu aliponiona uso alijua nimetoka jikoni.

"Usijali, mami," akasema. "Iko hapa."

Ukingoni, mahali ambapo jua halifiki, walikuwa wamechimba kishimo mpaka kwenye mchanga wenye maji, kama vile akina mama wa pale wanavyochimba kupata maji ya kunywa. Juu yake kulikuwa na gunia lililoloweshwa. Akaliondoa. Ule mkebe wa shule ulikuwa umekaa ndani ya mchanga, mfuniko umefungwa kwa mfuko wa plastiki. Akaufungua akatoa kichupa cha dawa, na kando yake kipimajoto cha baba yake.

Akanipa nisome. Miwani nilikuwa nimeisahau. Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga kama alivyofundishwa.

"Ishirini na mbili," akasema. "Napima asubuhi, mchana na jioni. Daktari alisema ile imefunguliwa inaweza kaa nje ya friji, bora joto isipite ishirini na tano. Wewe ulisikia friji peke yake."

Nilitaka kumkatalia, lakini nikakumbuka chumba kile cha daktari na sisi watatu tumekaa kwenye benchi. Ni kweli alisema hivyo. Mimi nilikuwa nimeshika neno moja kwa sababu ndilo lililokuwa na mlango wa kufunga.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu wa jikoni watoe chapati. Akacheka. Akasema alipofika pale barafu ilikuwa imeshanywewa, na watu walikuwa na njaa. Alichukua mkebe wake, uliokuwa umetolewa na kuwekwa kando kama mkebe wowote wa chakula, akaenda kumuuliza yule mama wa maziwa wapi mchanga hukaa baridi mchana kutwa. Pia alikuwa amewaonyesha wasichana wawili wa hema lake mahali anapoweka glukosi, na la kufanya akianza kutetemeka. Alisema yote hayo huku akirudisha gunia na kulimwagia maji kwa kikombe, bila haraka, kama mtu anayefunga duka lake mwenyewe.

Kisha akaniangalia.

"Mami, umekuja kunichukua?"

Kule kilimani nilisikia wenzake wakishuka wakiimba, na nikaona sikio lake limegeukia upande ule, ingawa macho yalikuwa kwangu.

"Nimekuja kuleta barafu," nikasema.

"Barafu ya nini?"

"Ya juisi."

Nilikula chapati mbili na wale akina mama. Nilimwambia mama mkuu wa jikoni asijisumbue tena na aibu, na kwamba kambi ikiisha sanduku libaki kanisani, maana kazi yake limeshaipata. Kisha nikapanda pikapu. Nililia kutoka pale mpaka Kajiado, na dereva kwa adabu yake akawa anatazama barabara tu.

Mume wangu alikuwa amefika nyumbani kabla yangu, viatu vyake vimejaa mavumbi ya soko. Aliona nimeshuka peke yangu. Hakuuliza habari za sanduku, nami nilikuwa nimejiandaa kumwambia zile za chapati. Nilianza kwa jambo jingine.

"Kipimajoto chako kimeonekana," nikamwambia. "Kiko kambini. Anakitumia."

Alisimama na birika mkononi.

"Nani alimpa?"

"Hakuna aliyempa. Alikichukua mwenyewe."

Akaweka birika mezani. Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu, akaivaa, kisha akaivua tena.

"Anasoma ngapi?" akauliza.

Nikamwambia ishirini na mbili. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti akakaa, na tukanywa chai sisi wawili.