Waya wa Shaba Chini ya Gari

Gari lile dogo lilisikika kabla ya kuonekana. Likiwa bado kwenye kona ya duka la mkaa, mtaa mzima ulikwisha kujua nani anakuja, na mbwa wa jirani, ambaye hata mwizi hakuwahi kumbwekea, alilibwekea mpaka lizimwe. Ekzosi yake, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeoza. Mwenye gari, fundi redio, Mungu amrehemu, aliifunga kwa kopo la maziwa alilolipasua na kulikunja kama bandeji. Juu yake akazungusha waya wa shaba alioutoa kwenye redio iliyokufa, mzunguko kando ya mzunguko, bila hata mmoja kumpanda mwenzake. Akasema hiyo ni ya muda tu, atanunua nyingine. Muda wake ukaisha kabla ya muda wa kopo.

Gari likabaki mikononi mwa dada yake. Huyu nyumbani walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa ajili ya cherehani, na nguo zake hazikukosa vipande vya nyuzi hata siku ya ibada. Kuendesha gari alijifunza ukubwani kwa sababu moja tu. Mama yake alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, na kidonda kile kilitaka kusafishwa kliniki kila Jumanne na kila Ijumaa. Ngazi za basi hakuziweza. Muuguzi alisema bila kuzunguka, "Akikosa kuja, mguu huu utakuja kukatwa."

Basi wakawa wanakwenda, mama na binti, vioo vimefungwa vyote. Hilo lilikuwa agizo la mama. Siku ya kwanza baada ya mazishi aliingia, akakaa, akanusa. Ndani mlikuwa na harufu ya mwanawe: peremende alizokuwa akimung'unya kutwa nzima, na risasi ya kuunganishia nyaya za redio. Shangazi alipotaka kushusha kioo, mama akamshika mkono.

"Usimtoe."

Shangazi akapandisha kioo. Tangu hapo, jua liwake lisiwake, walisafiri kama mikate ndani ya tanuri. Gari lilinguruma, mama akafumba macho na kusali, midomo tu ikionekana kucheza, na binti akakaza macho barabarani. Hawakuzungumza. Kwa kelele ile, hata ungetaka kuzungumza ungechoka kabla ya kusikika.

Halafu kikaja kichwa. Kila siku ya kliniki mama alirudi kinamgonga, mara nyingine akatapika kwenye mfuko. Muuguzi akasema ni huzuni. Jirani akasema ni huzuni. Mama mwenyewe hakuwa na shaka. "Mtu hazai mtoto akamzika akabaki na kichwa kizima," alisema. Ilikuwa kama anakitunza kichwa kile, kama anaogopa kikipona atakuwa amemsahau mwanawe.

Jumanne moja alitapika mara tatu njiani. Alipofikishwa kitandani akatoa tamko lake, uso ukutani.

"Kliniki siendi tena. Kidonda kitafanya kitakavyo."

"Mama, ni mguu huo."

"Nimeuona. Ni wangu."

Shangazi alimpigia mdogo wake wa kiume, karani wa ghala, mtu mwenye majibu mafupi kwa mambo marefu.

"Uza hilo dude, dada. Linapiga kelele kama mashine ya kusaga."

"Nikiliuza, mama nitampeleka na nini?"

"Kodi gari jingine."

"Nilishamwambia. Anasema hapandi gari la mtu asiyemjua. Huyo ni mama yako, au umemsahau?"

Karani akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sasa utafanyaje?"

"Ijumaa ataenda," alisema Shangazi. Hakujua ataenda vipi, lakini alikwisha kulisema, na yeye hakuwa mtu wa kufumua alichokwisha kushona.

Jumatano asubuhi aliwasha gari ili betri isilale, akaacha mlango wazi, akawa anafagia sakafu ya ndani. Uzi mweupe ulimdondoka begani ukaangukia pale mama anapoweka miguu. Akainama kuuokota. Uzi ukainuka. Akauangalia. Ukatulia, ukainuka tena, ukicheza kama una mwenyewe.

Miaka yote ile kwenye cherehani alikuwa ameona nyuzi zikianguka, zikijisokota, zikikwama kwenye meno ya mtu. Hakuwahi kuuona uzi ukipanda juu bila upepo. Akakunja zulia. Chini yake palikuwa na tundu, ukubwa wa kifungo cha koti, ambalo kizibo chake cha mpira kilikwisha kuanguka siku nyingi. Alipochungulia baada ya kuzima injini, akaliona kopo la maziwa papo hapo chini, limetoboka upande, na waya wa shaba umekuwa mweusi.

Akakaa kwenye ukingo wa mlango. Akakumbuka kwamba yeye pia, jioni za siku za kliniki, kichwa kilimbana, naye alikuwa amelaumu sindano na mwanga mdogo. Akaomba kwa ufupi, kama mtu anayemwomba jirani amshikie ngazi: "Mungu, umenionyesha tundu. Sasa nipe maneno ya kumwambia mama."

Maneno hayakuja. Alipomwambia mama kwamba ekzosi lazima itolewe, mama alisikia jambo moja tu.

"Ile aliyoifunga yeye?"

"Ndiyo hiyo, mama. Imetoboka. Moshi unaingia ndani."

"Mikono ya mwanangu ndiyo iliyofunga ule waya. Kazi yake ya mwisho ile. Nani atakayeukata?"

"Fundi."

"Basi nitakwenda nimwone usoni."

Alhamisi alivaa kitenge cha safari, akachukua fimbo, akaingia garini. Shangazi alishusha kioo chake mwenyewe. Cha mama kilibaki juu. Gereji haikuwa mbali. Fundi wake aliitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Aliongea akiwa chini ya gari, aliongea spana ikiwa mdomoni, na inasemekana aliwahi kuongea katikati ya sala mpaka mchungaji akamsubiri.

"Karibuni, karibuni. Hili nililisikia tangu lilipotoka nyumbani kwenu. Nikamwambia mke wangu kwenye simu, kata, mgonjwa anakuja. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Gari hili halikatwi."

Kimya akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama mama. Gari lilikuwa limekwisha kuwekwa juu ya shimo la kufanyia kazi, na mama alikuwa amekaa ndani yake, fimbo katikati ya magoti, kama askari kwenye kibanda.

"Mama, teremka tufanye kazi."

"Siteremki."

"Tunaweza kuweka kiraka," Kimya akanong'ona. "Nichomelee kibati juu ya kopo, bibi aridhike. Wahenga walisema usipoziba ufa..."

"Huu si ufa tena, ni mlango," Shangazi akamkatiza. "Na viraka navijua mimi. Kitambaa kilichooza hakishiki uzi. Washa injini kidogo."

Akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akakunja zulia. Mama macho yake hayakuona vitu vidogo, kwa hiyo uzi usingemsaidia. Shangazi akauchukua mkono wake, ule wenye pete iliyolegea, akauteremsha mpaka juu ya tundu.

"Unasikia nini?"

Kiganja cha mama kilikaa pale. Hewa ya vuguvugu ilikipuliza kwa mipigo, pu, pu, pu.

"Kuna kitu kinapumua."

"Ni ekzosi, mama. Ndicho tunachokivuta kila Jumanne na kila Ijumaa, na vioo tumefunga sisi wenyewe. Fundi, zima."

Injini ikazimika. Mama aliurudisha mkono mapajani, akaunusa. Haukuwa na peremende wala risasi. Ulinuka moshi.

"Mimi nilidhani ni yeye," alisema polepole. "Kila kichwa kilipoanza nilisema, huyo, amekuja. Nikakivumilia kama mgeni."

"Angekuona unatapika kwa sababu ya kopo lake angelikwangua kwa meno."

"Na angelia," mama akasema. "Alikuwa mwepesi wa kulia, yule." Akaikamata fimbo. "Niteremsheni. Lakini waya usikatwe. Ufunguliwe kama alivyoufunga."

Kimya alifungua mdomo kusema kwamba waya ulioungua haufunguki, akauona uso wa Shangazi, akasema jambo jingine, kuhusu shemeji yake aliyenunua gari lisilo na breki. Mama akaketishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mguu wenye kidonda juu ya tairi kuukuu. Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akashuka shimoni.

"Dada, hapa pachafu."

"Nimekuja na sabuni."

Akautafuta mwisho wa waya kwa ncha za vidole, kama anavyotafuta mwisho wa uzi kwenye pindo, akaupata umefichwa chini ya mzunguko wa pili. Kaka yake alikuwa na tabia hiyo. Hata kamba za viatu alificha ncha. Akaanza kufungua. Kutu ilimwagikia machoni. Mara mbili waya ulikatika wenyewe na mara mbili akaitafuta ncha upya, akaendelea. Juu yake Kimya alimaliza habari za shemeji akaingia kwenye za mama mkwe. Kopo lilipoachia na kuanguka, vumbi jeusi likamjaa mikononi, na bomba likaonekana lilivyo: limeliwa kama jani lililopitiwa na viwavi.

Bolti za mbele hazikutaka kutoka. Kimya alizimwagia mafuta, akazigonga, akazibembeleza, akazitukana kwa adabu kwa sababu bibi alikuwa karibu. Moja ikavunjika ndani, ikabidi itobolewe. Mchana ulipogeuka ndipo bomba jipya likapanda, na sailensa yake ya kupunguza kelele, na raba mpya za kulining'iniza lisigonge.

Injini ilipowashwa, moshi mweupe ukafuka kwenye bomba jipya.

"Mbona linaungua?" mama akauliza kutoka kwenye kiti.

"Ni mafuta ya kiwandani, bibi, yanakauka. Kitu kipya lazima kijikohoze kwanza."

Moshi ukapungua, ukaisha. Shangazi hakupanda kutoka shimoni. Alichomoa uzi begani, akaupitisha taratibu karibu na kila kiungo, bila kugusa. Kwenye kiungo cha mbele uzi ulitulia. Cha katikati ukaruka.

"Hapo panavuja."

"Ah, hiyo ndogo hiyo. Masizi yataiziba yenyewe. Wateja wote..."

"Fungua tena."

"Dada, jua linakwenda."

"Na lipite salama. Fungua."

Kimya alifungua. Gasketi, pete ya kuzibia kiungo, ilikuwa imekaa upande. Akaiweka sawa, akakaza nati kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Shangazi akapitisha uzi tena. Safari hii ulining'inia tu, kama uzi mwingine wowote. Kizibo kipya cha sakafuni alikiweka kwa mkono wake mwenyewe, akakikandamiza kwa kisigino.

Usiku mama alilala na waya wa shaba, vipande vyake vyote, ndani ya mfuko wa foronya. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ijumaa Shangazi alipoleta gari mlangoni, mbwa wa jirani alibaki amelala. Mama alisimama kibarazani akisubiri kusikia, mpaka Shangazi akapiga honi.

"Liko wapi?"

"Liko mbele yako, mama."

Akaingia. Wakaondoka. Barabara ikawa na sauti ambazo hawakuwa wakizijua: kokoto chini ya tairi, kitu kinachogongana kwenye droo ya mbele, labda peremende za kaka zilizobaki ndani ya kiboksi chake. Mama alifumba macho akaanza sala yake. Kabla hawajafika kwenye daraja akayafumbua.

"Una mafua?"

"Hapana."

"Mbona unavuta pua?"

Shangazi alikuwa amezoea. Safari zote zile alilia kuanzia kwenye kona ya duka la mkaa hadi kwenye geti la kliniki, na ngurumo ilimfunika. Akifika alijifuta kwa kanga, akashuka kumshika mama mkono. Leo machozi yalikuja yenyewe, kwa mazoea, wala hakukumbuka kwamba sasa yana sauti.

"Kumbe ulikuwa unalia humu," mama akasema.

"Kila safari."

Mama akaitazama barabara. "Na mimi nikadhani nasali peke yangu kwa sauti. Nilikuwa namwita jina lake, humuhumu. Hukuwahi kunisikia?"

"Ningesikia vipi, mama, na lile kopo?"

Kicheko kilimtoka mama kabla hajakizuia, kidogo, kikavu, cha kwanza tangu mazishi. Kisha akamwita mwanawe kwa jina, mara moja, waziwazi, na Shangazi akaitikia "Mungu amrehemu" kwa sauti ya kawaida, kama watu wawili wanaosali pamoja.

Mbele ya daraja Shangazi alibadilisha gia, gari likakwaruza.

"Kumbe unaliumiza hivyo," mama akasema. "Kaka yako hakuwa akiliumiza."

"Kaka alikuwa akiliumiza, mama. Ulikuwa husikii."

Mama alifikiri juu ya hilo. Halafu akanyoosha mkono kwenye mkono wa kushushia kioo. Ulikuwa umekaza kwa kukaa bila kuguswa. Shangazi alitaka kumsaidia.

"Shika usukani," mama akasema. "Hiki nitakishusha mimi."

Akakizungusha kwa shida, kioo kikashuka nusu, kikakwama, akakisukuma kwa kiganja mpaka chini kabisa. Upepo ukaingia, ukapita kwenye viti, ukatoka upande wa pili. Mama alishika kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja na goti la mguu mgonjwa kwa mwingine.

"Ongeza mwendo," alisema. "Muuguzi anafunga mapema Ijumaa."