Kichuguu cha Nyuma ya Chuo

Mimi nina darasa la nne na nimesoma chuo. Wajukuu wakicheka, wacheke. Kijiji chetu cha ujamaa kule Nyamigogo kilikaa mkutano, kikanichagua mimi niende chuo cha wananchi nijifunze kushona, nirudi niwavishe watu. Niliondoka kichwa juu, nimewaringia wanawake wote wa kisimani.

Sijakaa sana, vita ikaanza. Mume wangu akapanda lori na mgambo wenzake, habari zake zikakatika hapohapo. Basi mikono ikaniasi. Nikikaa kwenye cherehani, miguu inakanyaga kama ninakimbizwa, mshono unapinda, sindano inavunjika. Na sindano zilikuwa adimu kuliko sukari. Mwalimu wetu, mwanamume mkavu, akaniambia mbele ya wenzangu:

"Mama, mwisho wa mwezi unashona shati zima. Likikushinda unarudi kijijini, waniletee mwingine."

Nirudi? Kwa wale niliowaringia? Afadhali nimeze sindano.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mhangaza wa Nyamiaga, mwanamke wa mdomo mwepesi. Aliona chakula nakichezea tu. Mchana mmoja, mvua imekatika, akanivuta mkono. "Toka nje. Utaota ukungu humu kama muhogo."

Nyuma ya chuo kulikuwa na kilima cha majani marefu, na kichuguu kikubwa. Kwetu kumbikumbi hatuwasubiri, tunawadanganya. Unafunika kichuguu kwa majani ya mgomba, unaacha tundu na kashimo ka kuwapokea, halafu unagonga vijiti juu ya gogo, ta-ta-ta, kama manyunyu. Huko chini wanadhani mvua inanyesha, wanatoka. Tukagonga. Wakaanza kumiminika.

Mara akatokea bibi kizee, jembe begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba ya nini? Nani kawaambia mgonge kichuguu changu?"

Tulijua fika kwamba kila kichuguu kina mwenyewe. Tulijisahaulisha. Mwenzangu akajitia ujanja: "Bibi, siku hizi ni ujamaa. Kichuguu ni cha kijiji."

"Shamba la kijiji, sawa. Kichuguu kaniachia mume wangu. Au na yeye alikuwa wa kijiji?"

Mawe, mama yangu! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Sikuwa nimecheka tangu lile lori.

Bibi hakucheka. Akatutoza faini: "Wanangu waliokuwa wakinigongea wako vitani. Sasa mtanigongea nyinyi, kila mkitoka darasani, mpaka kumbikumbi waishe."

Tukawa tunakwenda. Udongo umelowa, unanukia. Upepo unalaza majani na kuyainua, ndege hondohondo wanaunguruma huko bondeni. Nikigonga kwa pupa, bibi ananizaba kofi la mgongo: "Mvua gani hiyo inayogombana na watu?" Napunguza. Siku nyingine tunatafuna kumbikumbi wabichi, tunatazama mawingu yakipita juu ya vilima. Sote watatu tulikuwa na mtu huko vitani. Lakini pale kilimani hofu ilikuwa inakaa pembeni kidogo, inaniachia nafasi ya kuvuta pumzi. Nikaanza kulala. Nikaanza kumaliza ugali wangu, na wa mwenzangu nikaumega.

Mwisho wa mwezi mwalimu akanipa kitambaa. Nikakata, nikakaa, nikakanyaga polepole. Mshono ukaenda. Alipolichukua lile shati akalivuta mkono kwa nguvu zake zote, kama anataka kumng'oa mtu bega. Halikuachia.

"Umelipimia nani hili? Mabega yote haya!"

"Mume wangu."

"Si yuko vitani?"

"Ndiyo. Atarudi, atalivaa."

Akalikunja vizuri, akanirudishia. "Haya. Kesho tunaanza suruali."

Mume wangu alirudi, amekonda kama fito, shati likampwaya. Akalivaa hivyohivyo mpaka likachanika mgongoni. Mshono haukuachia.