Aliyeshika Kamba

Barua pepe ilisema kwamba sasa mimi ni mwandishi mchangiaji wa blogu moja ya habari na utamaduni. Niliisoma na kuirudia mlangoni pa jikoni, mahali pekee mtandao unaposhika nyumbani kwetu, nisijue nipige vigelegele au niulize maswali. Mchangiaji wa nini? Mhariri, ambaye mpaka leo sijamwona uso, aliongeza kuwa waandishi walioko Goma huchapishwa bila majina, kwa usalama wao. Haya, nimekuwa mwandishi, ila watu wasijue. Nilikubali, ingawa kuna mtu mmoja niliyetaka sana ajue: Papa, baba yangu, aliyezoea kuniambia kwamba simu imenila akili.

Makala yangu ya kwanza ilihusu jiwe la mpaka. Mwaka ule mlima uliposhusha moto, lava iliganda juu ya mtaa wetu, hata hakuna aliyejua parsele yake, yaani kiwanja chake, inaanzia wapi. Papa na mzee wa jirani walipima upya kwa kamba, wakazozana, wakasimika jiwe, na tangu hapo hawakusalimiana. Niliandika hayo yote. Niliandika pia kwamba kila mlima unapowaka usiku, kila mmoja huchungulia juu ya ukuta kuona kama mwenzake bado yupo. Nimewaona wote wawili kwa macho yangu.

Nilipanga Papa asome kwanza, asifu, ndipo nimwambie. Nikampa simu baada ya chai. Alisoma polepole, kisha akavua miwani.

“Mwenye kuandika hii alikuwaka pale,” akasema. “Na pale tulikuwaka batu babili tu. Mimi na ule muzee.”

Nikafungua mdomo, lakini alikuwa ameshanirudishia simu, ameshavaa koti. Nikamfuata mpaka ng'ambo ya jiwe.

“Muzee,” akamwambia jirani, “nimesoma maneno yako. Sikujua kama na weye unanichunguliaka.”

Jirani, ambaye kupokea simu kwenyewe kunamtoa jasho, alimtazama Papa, akanitazama mimi. Sidhani kama alielewa hata neno moja. Ila mkono ulionyoshwa aliuelewa. Akaushika, akavuta kiti.

“Karibu, papa. Kaa.”

Wagombanao ndio wapatanao, sawa, lakini mimi nilikasirika. Miaka yote wamenuniana, leo wanapatana kwa kazi yangu, na sifa anapewa mtu asiyejua hata blogu ni mnyama gani! Nikisema ukweli, Papa atabaki kwenye kiti kile? Nisiposema, mimi ni nani nyumbani kwetu? Nilisimama pale nimechanganyikiwa, simu mkononi.

“Soma kwa sauti,” Papa akaniambia. “Muzee asikie maneno yake.”

Nikasoma. Nilipofika kwenye kupima, pale mtoto anaposhika ncha ya pili ya kamba huku mwamba wenye joto unamchoma nyayo, Papa akainua kidole.

“Ngoja kidogo. Huyu mutoto mwenye alishika kamba, alikuwaka nani?”

Jirani akanigeukia tena, na safari hii hakuondoa macho. Nikakunja vidole vya miguu, kana kwamba mwamba ule bado una joto.

“Mwandishi hakusema, Papa,” nikajibu, nikaendelea kusoma.