Mkunjo wa Vidole Viwili

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, na jina lilimkaa. Yeye alikata vitambaa, na tangu miezi mitatu iliyopita mshonaji wake alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuja na cherehani akaiweka dirishani. Wakafanya kazi wamepeana migongo. Kitambaa kikikatwa, kinarushwa. Basi, hawana la ziada la kusemezana.

Nguo zikawa zinabana. Mama Mkasi aliwaambia majirani wifi hajui kushona. Wifi naye aliwaambia majirani haohao kwamba Mama Mkasi ni bahili wa kitambaa. Wao wenyewe hawakuambiana hata neno.

Ijumaa hiyo kiongozi wa kwaya akaja kujaribu joho lake. Akainua mikono kuongoza wimbo. Trrr! Kwapa likaachia.

"Mnataka niimbishe kama nimefungwa kamba? Jumapili ni keshokutwa, na majoho ni thelathini!"

Wifi akasimama, akaifunika cherehani. "Mimi narudi kwangu. Tafuteni fundi mwingine."

Moyo wa Mama Mkasi ukaruka. Wifi akitoka hivi, yeye Mama Mkasi ataingiaje tena nyumbani kwa kaka yake? Mungu wangu, nifungulie huu mdomo! Akazunguka meza.

"Wifi yangu, shona joho moja tu, mimi nikiangalia."

"Unanikagua?"

"Najifunza, mama."

Wifi akasonya, akaketi. Akaupima ukingo kwa vidole viwili, akakunja.

"Viwili?" Mama Mkasi akapiga kelele. "Jamani, mimi nikikata nakuachia cha kukunja kidole kimoja!"

"Kimoja! Mshono si utafumuka? Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Wakatazamana. Kicheko kikawashika mpaka wakashikana mabega.

"Chekeni tu," kiongozi akasema, "na kwapa langu liko nje!"

Weee, chumba kilichangamka! Majoho yaliyokwisha shonwa yalikuwa sita tu. Mama Mkasi akayafumua mbio mbio. Wifi akashona upya kwa mkunjo wa kidole kimoja, akirudia mshono mara mbili usiachie. Kiongozi akavaa. Akainua mikono, juu, juu kabisa, akazunguka, akaangua wimbo palepale. Mama Mkasi akapiga makofi, machozi yanamtoka, anamshukuru Mungu kwa sauti.

Wifi alikuwa ameshaishika cherehani upande mmoja.

"Wifi, shika huko," akamwambia Mama Mkasi. "Tuisogeze mezani, nikuone usoni. Bado ishirini na nne!"